Sumaku Kimya na Kopo la Mafuta

Vijana wa maabara mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, na kwa kuwa mmeniomba kwa adabu, sina pa kutokea. Ila anayetaka kujua lini nilipanda cheo na mshahara ulikuwaje, asijisumbue kusoma. Mambo hayo nilipoyahitaji hayakuja kwa wakati, na sasa yameshapoteza utamu. Nitaandika juu ya mtambo wetu, vumbi letu, mikono yetu iliyopauka, na binti mmoja wa Oldonyo Sambu aliyetaka kompyuta ikumbuke mambo bila kula umeme mwingi.

Kabla ya kuja hapo chuoni nilikuwa katika maabara ya sekondari moja mjini, nikiwaandalia wanafunzi kemikali za mitihani. Nilijiona msafi sana. Nilipopata nafasi ya ufundi sanifu upande wa Tengeru nilikwenda siku ya kwanza nimevaa gauni la kanisani, na mlangoni nikapokewa na Mzee Pallangyo, Mmeru mrefu mwenye koti la bluu na miwani iliyofungwa uzi. Ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Nilidhani labda wanasayansi husalimiana hivyo. Akainama, akanusa vidole vyangu.

"Umejipaka mafuta."

"Ndiyo, Mzee. Ni mwezi wa saba."

"Kanawe kwa sabuni, halafu kwa spiriti. Humu ndani hakuna mwezi wa saba."

Mnajua baridi yetu ikoje ukungu wa Meru unapoteremka na kukaa wiki nzima. Mtu asipojipaka mafuta ya mgando ngozi inakauka mpaka unaweza kuandika jina lako mkononi kwa ukucha. Lakini mtambo wetu kazi yake ni kunyonya hewa yote kutoka ndani ya chemba ya chuma, kisha kupaka juu ya kipande kidogo cha kioo utando mwembamba kuliko kitu chochote mtakachowahi kushika. Alama moja ya kidole chenye mafuta ikiingia humo, inafuka na kukaa kwenye utando. Unatoka na sampuli ya mafuta, wala si ya ulichokusudia. Ndiyo maana sisi wa maabara ile tulijulikana kantini kwa mikono. Wenzetu wote waling'aa, sisi tulikaa mezani kama watu waliotoka kusaga unga. Kila mmoja alikuwa na kopo lake la mafuta kwenye begi, na saa ya kutoka ikifika tulipakana pale nje ya mlango kwa furaha ya watu waliofunguliwa kifungo.

Mzee Pallangyo hakuwa mtu wa mihadhara. Siku mtambo ulipogoma kunyonya hewa mpaka mwisho, alinipa kipande cha pamba chenye spiriti akaniambia nipake kila kiungo cha chemba taratibu, kimoja baada ya kingine, macho yakiwa kwenye geji. Mshale ukiruka, hapo ndipo panapovuja. Nilipaka asubuhi nzima. Mshale uliporuka nilipiga kelele nikataka kufungua boliti mara moja, akanishika kiwiko. "Kwanza rudia," alisema. "Mshale hata ukichoka huruka." Nikarudia. Ukaruka tena. Tangu siku hiyo sijawahi kufungua kitu kwa sababu ya mruko mmoja, na wengi wenu mnajua nimewagombeza kwa hilo. Sijutii.

Alistaafu akarudi kwenye migomba yake Nkoaranga, akaniachia funguo na koti la bluu, ambalo lilinifika magotini.

Baada yake ndipo akaja Profesa Mushi, Mmachame kama mimi, amerudi kutoka masomoni nje akiwa na wazo moja kichwani na hakuna kingine, hata chakula cha mchana alikuwa anakumbushwa. Siku aliyotueleza wazo hilo ubaoni nilikuwa napangusa meza, nikaacha kupangusa.

Alisema hivi. Sumaku ya kawaida ina chembe nyingi ndani yake, zote zikielekea upande mmoja, ndiyo maana inavuta misumari. Lakini zipo sumaku nyingine ambazo chembe moja ikielekea juu, jirani yake anaelekea chini, mpaka mwisho. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba shuleni timu zikiwa na nguvu sawa: watu wanatokwa jasho, kamba haisogei. Ukiwa nje huoni kitu. Haivuti msumari wala haisumbuliwi na sumaku iliyo jirani. Jina lake la vitabuni ni refu, sisi tukaiita sumaku kimya. Ukiweza kuzibadilisha timu upande, aliyekuwa kushoto aende kulia, umeshaandika kitu. Hiyo ni kumbukumbu, na umeme ukikatika inabaki.

"Sasa kama iko kimya, tunajuaje imebadilika?" nilimuuliza.

Profesa aligeuka akanitazama kama mtu aliyepata ndugu. "Mama Anna, hilo ndilo litakalotula sisi miaka yote iliyobaki."

Na kweli lilitula. Ila jambo lililonivuta mimi lilikuwa la pili. Alisema kumbukumbu za kompyuta zilizopo huandika kwa kupitisha mkondo wa umeme, na mkondo ni joto, na joto ni hasara. Yeye alitaka kuandika kwa volti tupu. Yaani umeme usukume bila kupita, kama maji yanayokandamiza bomba lililofungwa: presha ipo, lakini mita haizunguki. Sisi tuliokuwa tukipoteza kazi ya siku nzima kila umeme ulipokatika Tengeru hatukuhitaji kushawishiwa zaidi. Tukaanza na oksidi ya kromi, ambayo ni sumaku kimya yenye tabia hiyo hasa: iweke karibu na sumaku ndogo, ipe volti, nayo itachagua upande kufuatana na volti uliyoipa.

Kwenye karatasi ilikuwa rahisi.

Naserian alifika akiwa na koti kubwa la kaka yake na begi la mgongoni. "Shikamoo Mama, mimi ndiye mwanafunzi wa sumaku." Alikuwa amekuja kusomea udaktari wa falsafa, wa kwanza kwao kufika huko. Baba yake analima na kufuga kule nyuma ya mlima ambako mvua inahesabika kama mgeni, na mama yake alikuwa ameshamtangaza usharikani, kwa hiyo kila Jumapili waumini wa Oldonyo Sambu waliiombea sumaku ambayo hawajaiona. "Wakiniuliza imefikia wapi nasema inaendelea vizuri," aliniambia. "Nitasemaje, Mama? Niseme inavuja?"

Maana ilikuwa inavuja. Kila utando tuliopaka, tukiweka volti, umeme badala ya kusukuma tu ulipenya kwenye kijitundu fulani na kuunguza sampuli. Tulirudia, tukarudia, mpaka Profesa akaacha kuja kuuliza. Mimi na Naserian tulianza kukagua kila hatua kwa utaratibu wa Mzee wa pamba na spiriti: badilisha kimoja, viache vingine, tazama. Tulibadilisha gesi, tukabadilisha kioo, tukabadilisha joto. Mwishowe Naserian ndiye aliyegundua kwamba sampuli zilizopakwa siku za mvua hazivuji sana kama za siku za kiangazi. Lilikuwa vumbi. Lile vumbi laini la udongo wa Meru lilipita chini ya mlango, likatua juu ya kioo kabla hakijaingia ndani ya mtambo, na kila chembe iliacha kitundu chake kwenye utando. Nikashona blanketi zito, nikawa nalilowesha maji na kulitundika mlangoni kila asubuhi. Wageni walidhani tumefiwa. Lakini volti ikaanza kusukuma bila kupenya, na siku sampuli ya kwanza ilipogeuka upande kwa amri yetu, ikageuka tena, na mara ya tatu, Naserian alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Tulirudia siku iliyofuata, bila shaka.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja, maana ndicho kilichotuponza. Oksidi ya kromi ina mpaka wake wa joto. Ikipita nyuzi thelathini na nne, zile timu mbili zinaachia kamba na kutawanyika, na chochote kilichoandikwa kinafutika. Tuliijua hesabu hiyo kama tunavyojua majina ya watoto wetu. Profesa aliiandika ukutani kwa wino mwekundu. Tena tuliitumia: ili kuandika, tuliipasha sampuli kwa hita mpaka ipite hapo, kisha tukaiacha ipoe huku volti ikiwa juu yake, ikapoa ikiwa imechagua upande. Kwa hiyo hakuna wa kusema hatukujua. Ila sisi ni watu wa Meru na Machame na Oldonyo Sambu. Kwetu joto ni kitu unachokiwasha. Wazo kwamba nyuzi thelathini na nne zinaweza kuja zenyewe, bila hita wala swichi, halikuingia kichwani mwa mtu yeyote mle ndani.

Masomo ya Naserian yalilipiwa na mfuko mmoja wa utafiti wa Dar es Salaam, na mwaka wake wa mwisho ulitegemea mfuko kuridhika. Walimtuma mkaguzi, Dakta Salma, mwanamama wa Pwani mwenye akili kali na sauti ya upole. Alikuja mwezi wa saba. Aliposhuka garini meno yalikuwa yanagongana. Nilimvisha sweta langu juu ya baibui, na nasikitika kusema tulimcheka kidogo.

"Nyie hapa mnaishi au mnahifadhiwa?" aliuliza.

Jaribio lake lilikuwa la haki. Sampuli ilikuwa na vitone vinane, kila kimoja kinaweza kuandikwa juu au chini. Yeye angechagua mpangilio, Naserian akiwa nje. Kisha sampuli ingefungwa kwenye kisanduku kwa utepe wenye saini yake, ikae miezi, na kwenye kikao cha mfuko, Dar es Salaam, Naserian aisome mbele ya watu. Akisoma sawa, kumbukumbu ipo. Asiposoma sawa, mfuko utaangalia kwingine, na Naserian atarudi nyumbani bila shahada. Dakta Salma alinong'ona mpangilio, mimi nikabonyeza swichi. Kwa hiyo watu wawili tu tuliujua.

Kikao kikaangukia mwezi wa pili. Tuliondoka kwa gari la chuo: Elibariki dereva, Profesa mbele, mimi na Naserian nyuma, na kisanduku ndani ya begi la Naserian, kimefungwa kwenye shuka ili kisitikisike. Shida zote za njiani tulikuwa tumezifikiria: mashimo, matuta, sumaku za spika za redio. Elibariki alikatazwa kuwasha redio, akanuna mpaka Moshi. Tulipofika tambarare ya Same nilivua sweta. Mbele kidogo Naserian akavua koti. Profesa akafungua kifungo cha shingo na kusema, "Huku kuna joto jamani," na sote tukakubali kwamba kuna joto, kisha tukaendelea kuongea mambo mengine. Nikikumbuka huwa nacheka peke yangu mpaka mume wangu anauliza kuna nini.

Korogwe tulisimama kula. Gari likabaki juani, vioo vimefungwa kwa ajili ya wezi. Tulikula taratibu, tukanunua machungwa. Tuliporudi Naserian akaketi, akavuta begi, akatoa kopo lake la mafuta ya mgando apake midomo. Lile kopo la siku zote, ambalo nyumbani unachimba mafuta kwa ukucha. Alipofungua kifuniko mafuta yakamwagika kwenye sketi yake kama maji.

Naserian aliliangalia kopo, akaangalia begi lililokuwa na kopo na kisanduku pamoja, akaniangalia mimi. Kisha Profesa akageuka, akaona sketi, na nikaona uso wake ukibadilika. Mafuta hayo hayayeyuki hivyo mpaka joto lipite mpaka wetu.

"Imesahau," Naserian alisema.

Utepe ulikuwa na saini, hatukuweza kufungua tuandike upya. Elibariki, ambaye hakuelewa, alituuliza nani amefiwa. Tuliendelea na safari, na maili nyingi zilipita kabla Profesa hajasema, bila kugeuka, "Mama Anna. Wewe ndiye uliyebonyeza swichi."

Msimhukumu. Mtu yule alikuwa amebeba kazi ile miaka, na usiku uliopita alikuwa hajalala, na nyuma yake alikuwa ameketi mtoto wa watu ambaye angerudi mikono mitupu kwa sababu ya dirisha la gari. Nami niseme ukweli: mpangilio ulikuwa mdomoni mwangu. Nilimpenda binti yule. Kama angeniangalia tu kwa macho ya kuomba, sijui.

Hakuniangalia. Alikuwa anafuta sketi kwa leso. "Hapana, Profesa. Mama asiniambie. Nikishajua, sitakuwa naisoma. Nitakuwa naikariri."

Baadaye kidogo nikaona mabega ya Profesa yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kikao kilikuwa kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali. Dakta Salma alituamkia kwa furaha, akaweka kisanduku mezani, akashika utepe. Naserian akanyoosha mkono.

"Samahani Dakta. Kabla hujafungua naomba niseme. Naamini sampuli imesahau, na naamini ilisahau Korogwe." Akatoa kopo la mafuta kwenye begi, akaliweka kando ya kisanduku mbele ya wale wakubwa wote, akaeleza. Alipomaliza alisema, "Hata hivyo nitaisoma, ili tuone wote."

Akaisoma. Baadhi ya vitone vilitoa alama hafifu, vingine havikutoa kitu. Vilivyolingana na mpangilio vililingana kwa bahati tu, kama kurusha sarafu, na yeye mwenyewe alisema hivyo kabla ya mtu mwingine. Nilikuwa nimekaa kwenye kona na mikono yangu ilikuwa baridi kama niko Tengeru.

Dakta Salma alitutazama. Midomo ilimcheza. "Nilipokuja kwenu niliganda, mkanicheka. Leo mmeyeyuka nyie." Watu wakaangua kicheko, na hewa ya chumba ikalegea. Kisha akawa makini. "Lakini binti, kumbukumbu inayofanya kazi kwenye sweta tu, sisi wa huku tutaifanyia nini?"

"Ndiyo swali lenyewe, Dakta. Wenzetu wa nje wameona kwamba ukichanganya boroni kidogo kwenye oksidi ya kromi, mpaka wa joto unapanda juu sana. Sisi hatukujaribu kwa sababu hatukuona haja." Akaligusa kopo. "Sasa nimeiona."

Tulitolewa nje wajadiliane. Kwenye baraza Profesa alimsogelea akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe kwa lile la garini." Naserian akamjibu, "Lipi, Profesa? Mimi nilikuwa nashughulika na sketi." Sijawahi kuona mtu mzima akifuta macho haraka namna ile.

Mfuko ulimwongezea muda. Haukuongeza kingine chochote, hata kipuri cha pampu, lakini muda uliongezwa. Dakta Salma aliweka sharti: sampuli mpya ipite barabara ileile, gari lilelile, bila sanduku la barafu. "Na hilo kopo," alisema, "lije nalo."

Kazi ya boroni sitaieleza yote, mengi mnayo kwenye kumbukumbu za maabara. Tuliagiza shabaha mpya, yaani kile kisahani cha malighafi ambacho mtambo hukigonga ili kupaka utando, nayo ilichelewa bandarini mpaka nikaanza kumpigia wakala simu kama mkwe. Ilipofika, utando wa kwanza ulipasuka kama tope lililokauka. Wa baadaye ulivuja. Blanketi langu la mlangoni lilioza nikashona lingine. Naserian alikonda, mama yake akawa anamtumia maziwa ya mgando kwenye kibuyu, nasi tuliyanywa nje, mbali na mtambo. Usharika uliendelea kuomba. Kuna siku alikaa sakafuni karibu na pampu akasema, "Mama, labda niwaambie tu waache kuomba." Nikamwambia hiyo ni kazi ya mchungaji, yeye akanawe mikono tuanze upya. Akanawa. Sikuwa na neno jingine la kumpa, na hata hilo lilikuwa la Mzee Pallangyo. Sampuli iliyokuja kukubali haikuwa na sherehe: tuliandika, tukaiweka kwenye hita, tukaipandisha nyuzi mpaka huwezi kuishika kwa mkono mtupu, tukaipoza, tukaisoma. Ilikumbuka. Tukarudia wiki nzima kabla ya kumwita Profesa.

Safari ya pili iliangukia mwezi wangu wa mwisho kazini. Dakta Salma hakuja kuchagua mpangilio, alinipigia simu. "Chagua wewe, Mama Anna. Niandikie mimi tu. Tangu Korogwe nakuamini: mpangilio ulikuwa nao, hukuutoa." Nilichagua vitone vyangu vinane nikiwa peke yangu na mtambo, nikafunga kisanduku, nikatia saini kwenye utepe.

Korogwe, Elibariki aliliegesha gari katikati ya uwanja kwenye jua la mchana, akapandisha vioo vyote, akakagua mara mbili kwamba vimefunga. Sisi tukaketi kivulini na machungwa ambayo hakuna aliyeyamenya, tukilitazama lile gari kama wazazi waliomwacha mtoto ndani kwa makusudi. Profesa alisimama, akaketi, akasimama tena. Naserian alisema, "Dakika chache bado," na hakuondoa macho kwenye begi lake kupitia kioo. Tulilala Dar, begi likiwa limeegemea ukuta wa chumba chetu.

Asubuhi Dakta Salma alikata utepe wangu. Naserian aliunganisha nyaya, akasubiri kipimo kitulie, akaanza kusoma kwa sauti. "Juu." Mimi kwenye kona niliuma midomo. "Juu. Chini." Hakutazama upande wangu hata mara moja. "Chini. Juu. Chini. Juu." Kwenye kitone cha mwisho alinyamaza, nikadhani kimekufa, kumbe anarudia kipimo. Alirudia mara ya pili. "Chini," alisema, akaweka kalamu mezani.

Dakta Salma alitazama karatasi yake, akaniangalia mimi. Nikaitikia kwa kichwa. "Vyote," alisema. "Sasa lile kopo."

Naserian alilitoa, akalifungua, akalisukuma katikati ya meza. Mafuta yalikuwa yameganda tena kwa baridi ya chumba tulicholala, lakini hayakuwa yameganda sawa. Begi lilikuwa limelala upande ukutani, na mafuta yalikuwa yamesimama kimshazari, upande mmoja umefika ukingoni, upande wa pili unaonyesha kitako cha kopo. Hakuna mtu mezani aliyehitaji kuelezwa yalikuwa yameyeyuka kiasi gani.

Naserian siku hizi ni Dakta Laizer, na mnamfahamu kwa kuwanusa mikono mlangoni. Ofisi iliponiaga ilinipa saa ya ukutani, ambayo inachelewa. Yeye alinipa lile kopo, alilolirudisha kutoka Dar ndani ya sanduku la barafu. Liko kabatini kwangu, mafuta bado yameinama vilevile, kwa sababu hapa Tengeru hakuna joto la kuyanyoosha. Wajukuu wakija mwezi wa saba na mikono iliyopauka, nawapa kopo jingine.